Kweli au Uongo? Tunayoambiana Kuhusu Kukimbia Barabarani, Kilindoni Hadi Ras Mkumbi

Ukitangaza tu kwamba umeanza mazoezi ya kukimbia, ushauri unakujia kabla hujauomba. Jirani ana lake, dereva wa bodaboda ana lake, bibi naye ana lake. Kisiwani Mafia wakimbiaji wana barabara mbili kubwa za kuchagua: ya lami, inayotoka Kilindoni kwenda Utende, na ya kaskazini, inayopita Kirongwe na Kanga mpaka Bweni na Ras Mkumbi, karibu kilomita 50 kutoka Kilindoni. Kila moja ina hadithi zake, na bila shaka umeshazisikia.

Baadhi ya hadithi hizo zimeokoa watu. Nyingine zinaua, tena zinaua watu wazima wa afya waliotoka nyumbani kuitafuta afya zaidi. Kwa hiyo tuzipange mstari mmoja na tuzipime kwa swali moja: dereva anaona nini, na anakiona mapema kiasi gani?

Swali hilo lina hesabu yake. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anahitaji sekunde moja au zaidi kutambua kwamba mbele kuna mtu na kupeleka mguu kwenye breki. Baada ya hapo magurudumu nayo yanahitaji mita zake ili yasimame. Kwenye lami kavu jumla inafika mita 30 hivi. Kwenye mchanga na kokoto ni zaidi. Akikuona ukiwa mita 20 mbele yake, amechelewa hata kama breki zake ni mpya. Weka hesabu hiyo kichwani, tutairudia.

Dai la 1: "Barabara ya Ras Mkumbi haina magari, kwa hiyo haina hatari."

Hukumu: Uongo.

Magari ni machache, hilo halina ubishi. Lakini wa kukugonga ni mmoja tu, na uchache wenyewe unaleta balaa lake. Unamlegeza mkimbiaji, akaanza kukimbia katikati ya njia huku mawazo yake yako kwingine. Unamlegeza na dereva pia: kilomita kadhaa hajakutana na mtu, kwa hiyo hatarajii kukutana na mtu.

Kisha kuna hali ya njia yenyewe. Kwa miaka mingi barabara hii imejulikana kwa mchanga, vumbi na mashimo. Dereva anayekwepa shimo huhamia upande wowote aliouona mzuri, wa kushoto au wa kulia. Pikipiki hufuata ule mkondo mgumu uliokanyagwa, na mkimbiaji naye anaupenda mkondo huohuo kwa sababu mchanga laini unachosha miguu. Wote wawili wanataka mstari mmoja. Ukisikia chombo kinakuja, usitosheke kusogea kidogo. Toka nje ya njia kabisa. Gari likishapita, subiri vumbi litulie kabla ya kurudi, kwa sababu pikipiki inayolifuata haikuoni, na wewe huioni.

Dai la 2: "Yape magari mgongo, dereva ndiye mwenye kazi ya kukukwepa."

Hukumu: Uongo, na ni uongo wa hatari kuliko wote kwa anayekimbia peke yake.

Tanzania magari yanapita kushoto. Anayekimbia kushoto amempa dereva wa nyuma yake uhai wake wote. Dereva huyo akisinzia, akitazama simu, au akikwepa mbuzi, mkimbiaji hana habari mpaka mwisho. Anayekimbia kulia, uso kwa uso na magari, anawaona madereva kabla hawajamwona, na sekunde mbili zinamtosha kuruka kwenye majani.

Ushahidi upo. Uchunguzi wa Finland uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha watembea kwa miguu waliokuwa wakiyatazama magari na wale waliokuwa wameyapa mgongo. Waliokuwa wakiyatazama walipata ajali za vifo na majeruhi pungufu kwa wastani wa asilimia 77. Finland magari yanapita kulia, kwa hiyo kwao upande salama ni wa kushoto; kanuni ni ileile.

Ipo mipaka miwili. Kwenye kona iliyofunikwa na vichaka, gari linaweza kutokea ghafla likiwa limebana ukingo ulipo wewe. Vuka mapema, upite upande wa nje wa kona ambako unaonekana kutoka mbali, kisha rudi. Pili, gari la nyuma yako likilipita jingine, litaingia upande wako. Ukisikia ngurumo mbili kwa pamoja, geuka utazame.

Dai la 3: "Tukiwa wengi hakuna gari la kutugonga."

Hukumu: Uongo.

Hili ndilo dai la vikundi vya jogging, na vikundi hivyo ni moja ya mambo mazuri yaliyoenea miji na vijiji vya Tanzania. Watu wanaamshana alfajiri, wanavaa fulana za rangi moja, wanaimba kama walivyoimba mchakamchaka shuleni, na wanachangiana kwenye misiba na harusi. Mapenzi yetu kwa vikundi hivi ndiyo yanayotulazimu kusema ukweli huu bila kuupaka sukari.

Julai 2023, jijini Mwanza, gari liliwagonga wanachama wa klabu moja ya mazoezi waliokuwa wakikimbia barabarani asubuhi. Watu sita walifariki na wengine wakajeruhiwa. Walikuwa wengi, na wingi wao haukulisimamisha gari. Umoja ni nguvu, lakini nguvu hiyo haizidi uzito wa chuma kilicho kwenye mwendo.

Tazama kundi linavyofanya kazi. Aliye katikati anaona migongo tu. Aliye mbele hajui kinachokuja nyuma. Nyimbo zinafunika mlio wa injini. Wakati wa kuvuka, wa kwanza anatazama kushoto na kulia, wa mwisho anafuata miguu ya mwenzake bila kutazama chochote. Na kundi likitanda njia nzima, halina pa kukimbilia: wa pembeni anaruka, wa katikati amezibwa na wenzake. Kwa maneno mengine, gari moja likipotea njia kwa mtu mmoja linaleta msiba wa nyumba moja. Likipotea kwa kundi lililobanana linaleta msiba wa mtaa.

Basi kundi liwe salama kwa mpangilio, maana idadi peke yake haitoshi. Kimbieni mistari miwili, na gizani au kwenye njia nyembamba mstari mmoja. Wekeni mtu mbele na mtu nyuma, kila mmoja na kizibao cha reflekta, tochi na filimbi, na kazi yao iwe kutazama, wasiongoze nyimbo. Kundi likipita watu 20, ligawanyeni, muache nafasi ya kutosha kati ya makundi. Gari au pikipiki ya kulinda nyuma, taa za tahadhari zikiwaka, ni msaada mkubwa. Polisi wa eneo wakijua siku na njia yenu, wataweza kuwasaidia kwenye makutano. Na nyimbo zenye kishindo, zile za kufunga macho na kunyoosha mikono, zisubiri uwanjani.

Dai la 4: "Vaa nyeupe tu, utaonekana."

Hukumu: Nusu kweli.

Mchana nyeupe inasaidia, ingawa rangi kali kama machungwa au kijani cha limao hujitenga zaidi na mchanga, majani na vumbi. Gizani nyeupe inaishinda nyeusi, lakini ushindi huo ni mdogo kuliko tunavyodhani.

Mwaka 2005 watafiti wa Australia na Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika usiku, madereva wakiwa kwenye magari halisi. Katika hali ngumu kuliko zote, yaani mtu amevaa nyeusi, taa za gari zimeinamishwa, na mwanga wa chombo kingine unampiga dereva machoni, ni asilimia 5 tu ya watu waliotambuliwa. Mtu aliyevaa reflekta kwenye viungo vinavyocheza, yaani vifundo vya miguu, magoti, viwiko na mabega, alitambuliwa kila mara pale mwanga huo wa kuumiza macho ulipoondolewa. Sababu ni kwamba jicho la binadamu linaufahamu mwendo wa binadamu. Kizibao kinachong'aa kinaweza kudhaniwa kibao cha barabarani. Vifundo viwili vinavyopanda na kushuka haviwezi kuwa kitu kingine ila mtu.

Watu wa kaskazini ya Mafia wana mfano mzuri wa jambo hili karibu na nyumbani. Mnara wa taa wa Ras Mkumbi, uliojengwa na Wajerumani mwaka 1892, haukuwekwa ili walio nchi kavu waone bahari. Uliwekwa ili aliye baharini aione nchi kavu mapema, angali na nafasi ya kugeuza chombo. Mkimbiaji wa alfajiri naye ana kazi hiyohiyo. Tochi ya mkononi inamsaidia aone shimo. Reflekta za miguuni zinamsaidia aonekane. Anavihitaji vyote viwili. Utepe wa reflekta hauna gharama kubwa, na fundi cherehani yeyote wa Kilindoni anaweza kuushona kwenye suruali uliyonayo.

Dai la 5: "Usiku wa mbalamwezi ni kama mchana."

Hukumu: Uongo.

Kwako wewe uliyetembea nusu saa bila taa, mbalamwezi ni mwanga wa kutosha, na unaona mpaka vivuli vya minazi. Lakini jua linang'aa takriban mara 400,000 kuliko mwezi mpevu, na dereva macho yake yamezoea mwanga wa taa zake mwenyewe. Kila kilicho nje ya mwanga huo kwake ni giza, mwezi uwepo usiwepo. Unamwona vizuri, na kwa sababu hiyo unadhani naye anakuona. Kosa lote liko hapo.

Wapo waliolipima jambo hili kwa idadi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ulipitia ajali za vifo vya waendesha pikipiki Marekani kuanzia 1975 hadi 2014. Usiku wa mwezi mpevu ajali hizo ziliongezeka kwa takriban asilimia 5 kuliko usiku wa kawaida. Ongezeko si kubwa, lakini linatosha kuvunja imani kwamba mwezi unamlinda mtu barabarani. Watafiti walihisi kwamba mwezi wenyewe huvuta macho ya mwendeshaji kwa sekunde moja au mbili, na pikipiki haisamehe sekunde mbili. Kisiwa ambacho pikipiki ndizo usafiri wa kila siku kina sababu ya kulisikiliza hilo.

Dai la 6: "Magharibi si wakati wa kuranda njiani."

Hukumu: Kweli.

Umeambiwa hivyo tangu utotoni, labda pamoja na onyo la mashetani wanaopita saa hiyo. Tukiacha habari ya mashetani kwa wenyewe wanaoijua, amri ya wazee inasimama kwa miguu yake. Mafia iko karibu na nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na huku jua likizama giza haliji polepole: dakika 20 na ushee zinatosha kutoka mwanga hadi weusi. Ukianza mbio zako jua linazama ukidhani utawahi, unarudi gizani bila reflekta wala tochi.

Katika dakika hizo madereva wengi hawajawasha taa, na pikipiki yenye taa mbovu bado iko njiani kwa sababu mwenye nayo anajaribu kuwahi nyumbani. Watu wanatoka shamba, wanatoka pwani, watoto wanarudi kutoka mpirani. Macho ya kila mtu yanahama kutoka mwanga kwenda giza kwa wakati mmoja.

Kabla tu ya hapo kuna tatizo la jua lenyewe. Anayeendesha kutoka Utende kwenda Kilindoni jioni anaelekea magharibi, na jua linampiga usoni. Iko njia rahisi ya kulipima hilo: kitazame kivuli chako. Kikielekea lilipo gari linalokuja, basi dereva analitazama jua na wewe uko ndani ya mng'ao wake. Toka njiani mpaka apite.

Alfajiri nayo ina giza lake. Kisiwani jua huchomoza kati ya saa 11:50 na saa 12:40 kwa kufuata miezi. Hewa ya kabla ya jua ni nzuri kwa mapafu, lakini ukitaka kuitumia vaa kama mtu wa usiku.

Dai la 7: "Dereva akipiga honi, ameshaniona."

Hukumu: Uongo.

Honi ya barabarani kwetu ina kazi nyingi. Bodaboda anapiga kutafuta abiria, dereva wa daladala anapiga kumsalimu rafiki, mwingine anamfukuza kuku. Hujui iliyopigwa ni ya nani. Na hata ikiwa ni yako, huenda maana yake si "nimekuona, nitakukwepa", bali "nakuja, pisha". Kila mmoja anamsubiri mwenzake apishe, na mita 30 zinakwisha. Njia salama ni kuyatazama macho ya dereva. Ukiyaona macho yake yamekutazama na mwendo umepungua, hapo unaweza kuamini. Kioo kikiwa kimeng'aa au ni cheusi, chukulia kwamba hajakuona.

Dai la 8: "Muziki masikioni hauna shida, mradi natazama mbele."

Hukumu: Uongo kwa barabarani, kweli kwa ufukweni na uwanjani.

Macho yanalinda mbele tu. Nyuma na pembeni unalindwa na masikio. Mwaka 2012 jarida moja la kitabibu lilichapisha uchambuzi wa matukio 116 ya watembea kwa miguu waliogongwa wakiwa na vifaa vya muziki masikioni nchini Marekani, kati ya 2004 na 2011. Asilimia 70 waliuawa. Wengi walikuwa vijana chini ya miaka 30, na zaidi ya nusu waligongwa na treni, chombo chenye kelele kuliko vyote. Katika asilimia 29 ya matukio hayo ilitajwa kwamba honi au king'ora kilikuwa kimepigwa.

Mafia haina treni, lakini ina baiskeli zinazopita kimya kwenye mchanga na pikipiki zinazoteremka mteremko injini imezimwa ili kuokoa mafuta. Huwezi kuzisikia vizuri hata bila muziki. Anayesema anaacha sikio moja wazi amepunguza hatari, hajaiondoa, kwa sababu masikio mawili ndiyo yanayomwambia mtu sauti inatoka upande gani.

Dai la 9: "Usipumzike chini ya mnazi."

Hukumu: Kweli kabisa.

Barabara ya kaskazini ina vivuli vya minazi kwa urefu wake mwingi, na mkimbiaji aliyechoka hukiona kivuli kama zawadi. Nazi iliyokomaa na kumbi lake ina uzito wa kilo moja na zaidi, na mnazi mrefu wa kienyeji hupita mita 20. Daktari mmoja aliyefanya kazi Papua New Guinea alichapisha mwaka 1984 kwamba asilimia 2.5 ya wagonjwa wa majeraha waliolazwa katika hospitali ya Alotau kwa miaka minne waliumizwa na nazi zilizoanguka. Wazee wa Mafia hawakuhitaji jarida ili kulijua hilo. Kunywa maji yako chini ya mwembe au mkorosho.

Dai la 10: "Kisiwani hakuna mnyama wa kumwogopa."

Hukumu: Uongo.

Mafia ina viboko, na wengi husimulia kwamba mababu zao walisombwa na mafuriko ya Rufiji. Kiboko hula majani usiku na kurudi majini kabla hakujapambazuka, saa ileile ambayo mkimbiaji mwenye bidii anatoka. Anaweza kufikia kilomita 30 kwa saa. Mkimbiaji wa kawaida anakwenda 10 hadi 12. Anakuwa mkali zaidi akikuta mtu amesimama kati yake na maji. Kwa hiyo karibu na mabwawa na mabonde ya mpunga, subiri kupambazuke, na waulize wenyeji kama ameonekana wiki hiyo.

Mbwa naye ana kanuni aliyoisema babu yako, nayo ni kweli: usimkimbie. Simama, usimkazie macho, rudi nyuma taratibu. Akikuuma, achana na wanaokwambia uweke pilipili au nywele za mbwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Dai la 11: "Mwanamke anayekimbia barabarani anajitafutia balaa."

Hukumu: Uongo, na ni uongo unaomwonea anayedhulumiwa.

Wanawake wanasumbuliwa barabarani, ni kweli, kwa maneno na wakati mwingine kwa vitendo. Kosa ni la anayesumbua. Na wanaodhani mwanamke akibaki ndani amesalimika, watazame yaliyotokea kwa majirani zetu. Agnes Tirop wa Kenya, mshindi wa medali mbili za shaba za dunia za mita 10,000, aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024, alichomwa moto kwake magharibi mwa Kenya na akafariki Septemba 5 mwaka huohuo. Barabara waliyokimbia kila siku haikuwaua. Baada ya kifo cha Tirop, wanariadha wenzake walianzisha Tirop's Angels, shirika linalopinga ukatili wa kijinsia na kuwasaidia walioupata.

Kwa dada zetu wa Bweni, Kirongwe na Kilindoni, mambo ya kufaa ni ya vitendo. Kimbia na mwenzako, badilisha njia na saa ili mtu asiizoee ratiba yako, na usitangaze mtandaoni ulipo kabla hujarudi. Stara haizuii mbio: suruali pana, fulana ndefu na mtandio uliobanwa vizuri, usiopepea na kuziba macho, vinatosha. Ila nguo nyeusi alfajiri inamficha mtu kwa dereva kuliko rangi nyingine yoyote; shona utepe wa reflekta kwenye mikono na pindo.

Dai la 12: "Usitoke bila kuaga."

Hukumu: Kweli.

Kuaga ni adabu, na kwa mkimbiaji ni kinga ya bei nafuu kuliko zote. Mtu akivunjika kifundo cha mguu kati ya Kanga na Bweni, tatizo lake kubwa si mfupa, ni kwamba hakuna anayejua yuko wapi. Betri ya simu huisha na mtandao hukatika. Mtu aliyeachiwa neno nyumbani, "naenda mpaka shuleni, narudi saa moja kamili", ndiye atakayeuliza saa moja na robo.

Salamu za njiani nazo zina faida hiyohiyo. Ukimwamkia mzee shikamoo na kumuuliza muuza chapati habari za asubuhi, umeacha watu wanaojua umepita na umeelekea wapi. Weka mfukoni karatasi yenye jina lako, namba ya ndugu, na ugonjwa ulionao kama pumu au kisukari. Anayekimbia peke yake ana uhuru wa kuruka pembeni ambao kundi halina. Anachokosa ni mtu wa kumwitia msaada, na kuaga kunaziba sehemu ya pengo hilo.

Dai la 13: "Ajali haina kinga, siku yako ikifika imefika."

Hukumu: Uongo, pamoja na heshima yote kwa wanaolisema misibani.

Neno hili linafariji wafiwa, na hapo lina nafasi yake. Likihamishiwa barabarani linakuwa kisingizio cha dereva mlevi na cha mkimbiaji asiyetaka kununua utepe. Hata dini inayofuatwa na wengi Mafia inafundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki. Lakini taarifa yake ya mwaka 2023 ilionyesha pia kwamba nchi 10, zikiwemo Japan, Norway, Denmark na Falme za Kiarabu, zilipunguza vifo hivyo kwa zaidi ya nusu kati ya 2010 na 2021. Kama ingekuwa ajali haina kinga, nchi hizo zisingeweza. Shirika hilohilo linaeleza kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa inaongezeka mara 4.5 gari linapotoka kilomita 50 kwenda 65 kwa saa. Tofauti ya kilomita 15 tu, na hiyo iko kwenye mguu wa dereva.

Kilichosimama baada ya kupimwa

Yapange madai yote upya na utaona mpangilio. Yaliyoanguka yanaanza na hisia ya mkimbiaji: mimi naona vizuri, sisi ni wengi, njia naiona tupu. Yaliyosimama yanamfikiria mtu mwingine: nani ananiona, nani anajua nilipo, nani yuko juu ya mnazi au nyuma ya vumbi. Ndiyo maana mafundisho mengi ya wazee yamepita mtihani. Waliishi kabla ya taa za barabarani na kabla ya simu, na walijua kwamba usalama wa mtu njiani unashikwa na wenzake.

Kwa hiyo kiongozi wa kikundi cha jogging, kabla ya mbio za Jumamosi ijayo, chagua mtu wa mbele na mtu wa nyuma na uwape filimbi. Unayekimbia peke yako, hamia upande wa kulia, shona utepe kwenye vifundo, acha muziki nyumbani. Na wewe dereva wa Kilindoni unayesoma haya huku ukisubiri abiria, punguza mwendo unapoona fulana kwa mbali, hasa alfajiri. Hao wote wanataka kurudi nyumbani wakiwa na jasho tu.